Kila nikishika sindano naulizwa nauza bei gani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 37, naishi Tabata na nimeajiriwa kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Nasoma majibu unayowapa wengine, leo nimeona na mimi nilete langu, ingawa najua kuna watakaosema hili nalo ni tatizo?

Napenda kazi za mikono. Kufuma kwa sindano mbili alinifundisha mama, ambaye yuko Makete, kule ambako mwezi wa saba bila sweta hutoki nje. Kroshia niliipata shule ya bweni. Kudarizi kwa misalaba nimejifunza ukubwani, nilipokuwa na mimba ya pili na daktari akaniambia nilale tu. Nikawa nafuatisha video kwenye simu kutwa nzima. Mume wangu alipoona inanituliza akaninunulia na cherehani. Basi jioni, watoto wakishalala, nakaa kwenye kochi na kikapu changu, na hiyo ndiyo saa yangu mimi.

Sasa hiyo saa imeingiliwa. Kila anayenikuta na sindano swali lake la kwanza ni "unauza shilingi ngapi?" Nikisema siuzi naonekana sina akili. Kwenye kikoba wananiambia nina kipaji nakichezea. Mume wangu naye siku hizi anasema watu mjini hapa wanatafuta fursa kwa tochi, mimi ninayo nimeikalia. Mwaka jana kuelekea Krismasi nikakubali, nikachukua oda za sweta za watoto wachanga kwa wenzangu kazini. Uzi wa sweta moja ulinigharimu kama 9,000, nikauza 15,000, na bado mtu ananiambia mbona Kariakoo anapata kwa elfu kumi. Nilikesha, vidole vikafa ganzi, na mmoja wao mpaka leo hajamalizia hela. Baada ya hapo nikakaa muda mrefu sitaki hata kuona uzi.

Kubwa zaidi ni wifi yangu. Binti yake anaolewa mwezi wa tisa. Wifi bila kuniuliza akatangaza kwenye grupu la familia kwamba mimi nitafuma vitambaa vya makochi seti nzima, na vya meza, na cha friji, viwe zawadi ya kicheni pati. Akanitumia 30,000 ya uzi, watu wote wakaweka makofi. Sasa mama wadogo zake wawili nao wanasema "na sisi utukumbuke". Nimeanza kitambaa kimoja, nikikishika tu napandwa na hasira.

Niseme na ukweli mwingine. Nina sweta ya mama yenye mkono mmoja tangu mwaka juzi. Nina picha ya jahazi ya kudarizi, imefika kwenye tanga. Nina sketi ya kitenge niliyoikata sijaishona, na blanketi la mtoto ambaye sasa hivi anakimbia. Nyuzi mpya nikinunua naziingiza ndani kwa mkoba wa shule wa binti yangu ili baba yake asizione. Kwa mwezi natumia kama 25,000, mara nyingine inazidi.

Shangazi, nifanye biashara kweli, au niache kabisa nitafute kitu cha maana cha kufanya jioni? Na wifi nimwambieje?

Mfumaji, Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Usiache, na biashara usifanye. Hilo limeisha, sasa vuta kiti tuongee.

Wanaokuambia ugeuze mradi hawajawahi kuipiga hesabu yake, basi tuipige sisi. Sweta ya mtoto mchanga, kwa mtu mwenye mkono mwepesi lakini aliyeshinda ofisini, tuseme inakula saa 15, pamoja na kuunganisha na kuweka vifungo. Ulitoa 9,000 ukapokea 15,000, ikabaki 6,000. Gawa kwa saa 15, ni shilingi 400 kwa saa, na nauli ya kufuata uzi Kariakoo hatujaitoa. Yule aliyekuambia dukani ni elfu kumi hakukutukana. Sweta ya dukani imepita kwenye mashine, na mashine haina mgongo wa kuuma. Kwa bei hutaishinda hata ukikesha mwaka mzima.

Tuje kwenye jahazi lako. Sijui umetumia kitambaa gani, ila wengi wanaoanza hutumia kile cha matundu kiitwacho Aida, namba 14, maana yake ndani ya inchi moja kuna vyumba 14. Picha ya misalaba 140 kwa 140 inatoka inchi 10 kila upande, sentimita 25 na ushee. Zidisha, unapata misalaba 19,600. Mtu anayepiga misalaba 100 kwa saa atakaa nayo saa 196. Mwambie mteja wa Tabata bei ya saa 196, atakuuliza kama hilo jahazi linabeba na abiria.

Sisemi kazi ya mkono hailipi popote. Kofia za viua za Zanzibar na Lamu zinashonwa majumbani, tundu moja moja likizungushiwa uzi, na kofia moja inaweza kula miezi. Wanaozivaa wanaitambua ya mkono na ya mashine kwa kuitupia jicho tu, ndiyo maana wanatoa hela. Mnunuzi wako wewe hana jicho hilo. Anachotaka ni kitu cha kumfunika mtoto, na elfu kumi yake iko sawa kabisa.

Kama siku moja utabanwa na shida ya hela kweli, iliyo karibu na hela kwako ni cherehani, sindano ziache kikapuni. Tazama mafundi wa mtaani kwako wanakula wapi: kupunguza suruali, kubadilisha zipu, kupinda pindo la sare za shule mwezi wa kwanza. Ni kazi za dakika, malipo papo hapo, na hakuna wa kukuambia Kariakoo kuna pindo la bei rahisi. Lakini hiyo nayo ni kazi ya pili, yenye wateja wa kugonga geti saa moja asubuhi Jumapili, na ikikua itadai TIN na leseni kama biashara nyingine yoyote. Wewe kazi unayo. Unachokitaka, nimeisoma barua yako mara ya pili kuhakikisha, ni saa yako uachiwe.

Haya, mumeo. Wanaume wa Dar wasio wa Simba wala Yanga ni wa kuhesabu, kwa hiyo nabahatisha kwamba wako ni wa mojawapo. Analipia kisimbuzi, anatazama dakika 90, anabishana nyingine 90 kijiweni, na kesho yake anarudia marudio. Hakuna mtu kwenye kikoba chenu aliyewahi kumuuliza zile dakika zimemwingizia shilingi ngapi. Kupumzika kwake kunaitwa kupumzika. Kwako, kwa kuwa mkononi kunatoka kitu kinachoonekana, basi lazima kiwekwe bei. Hoja hiyo unayo, ila usimrushie ukiwa na hasira. Iweke akiba, uitumie siku mnacheka.

Nawe msikilize. Mwanaume anayesema "fursa, fursa" kila jioni mara nyingi kuna jambo linamkaba, ada au kodi ya nyumba, na anaona aibu kulitaja jina. Au anaona kila usiku mke yuko na kikapu na yeye yuko na simu. Muulize, usimkisie kama ninavyomkisia mimi. Kwanza huyu ndiye aliyekununulia cherehani kwa kuona unatulia. Kumgeuza adui ni kumwonea.

Na hapo ndipo ninapokukamata, kwenye huo mkoba wa shule. Huyo binti ana macho. Kila ukitia uzi kwenye mkoba wake anajifunza kwamba baba ni wa kuogopwa na kwamba mama akifuma anakosa. Elfu 25 kwa mwezi ni laki tatu kwa mwaka, ni hela inayostahili kutajwa mezani. Itaje. Sema, "Baba fulani, kwa mwezi nataka elfu ishirini ya nyuzi zangu, ni yangu, siifanyii biashara, na haitavuka hapo." Akinuna atanuna siku mbili. Wewe kwa upande wako jiwekee sharti moja gumu: uzi mpya hauingii ndani mpaka kitu kimoja cha zamani kiwe kimekwisha au kimefumuliwa. Utashangaa elfu ishirini itakavyotosha.

Wifi sasa. Hela yake umeipokea, kwa hiyo kukaa kimya huwezi tena. Kimya chako ndicho kilichowafanya wale mama wadogo wawili nao wajipange foleni. Mwambie mumeo kwanza, kwa sababu ni dada yake na haipendezi alisikie kutoka upande wa pili. Ila usimtume. Mwanaume ukimtuma kwa dada yake kwa habari ya vitambaa atarudi amekubali friji mbili. Mpigie mwenyewe, kwa sauti, nje ya grupu, saa ambayo hana wageni. Na usianze na lawama ya kutangaziwa, itawapeleka kwenye ugomvi na vitambaa vitasahaulika. Sema hivi: "Wifi, harusi ya binti yetu naifurahia sana. Seti nzima kwa muda nilio nao sitaiweza. Nitamfumia kitambaa kimoja cha meza, kwa mkono wangu, kizuri, hiyo ndiyo zawadi yangu kama mke wa mjomba wake. Hela yako nimetoa ya uzi kiasi kadhaa, iliyobaki narudisha leo." Halafu rudisha leo kweli. Akisema "lakini nilishawaambia watu", jibu ni "najua wifi," basi. Usiongeze sababu. Ukianza kueleza kazi, watoto, foleni ya Tabata na Buguruni, kila sababu atakutafutia dawa yake.

Ajabu ni kwamba kitambaa kimoja kilichofumwa vizuri kitaonekana kuliko seti. Seti za makochi zimejaa mjini, za mashine, za kila rangi. Nunua uzi wa pamba mwembamba, mweupe au wa maziwa, anzia katikati na kroshia uzungushe. Kikiisha kifue, kichovye kwenye maji ya wanga wa mhogo, kiwambe juu ya taulo kwa pini, kila ncha ivutwe sawasawa, kikauke hapohapo. Kitasimama chenyewe kama sahani. Kazi hiyo ya mwisho wengi wanairuka, ndiyo maana vitambaa vyao vinalegea siku ya pili.

Wale mama wadogo waliosema "utukumbuke" hawajaagiza kitu, ni maneno ya mdomoni. Jibu "Mungu akipenda", uendelee na chai. Na kuanzia sasa anayetaka kitu chako mwambie, "Njoo Jumamosi jioni na uzi wako nikuonyeshe." Wengi hawatakuja, na hapo umepumzika. Atakayekuja ndiye unayemhitaji, kwa sababu kitu kimoja nilichokiona kwenye barua yako ni kwamba kazi hii unaifanya peke yako usiku. Wanawake wa pwani wanasuka ukili barazani miguu imenyooshwa, mikono inakwenda na midomo inakwenda, na kazi inaisha bila mtu kuikumbuka. Tafuta mmoja au wawili wa namna hiyo.

Nimebakisha kile ninachokipenda mwenyewe, hicho kikapu chako.

Anza na sweta ya mama, kwa sababu ina mtu anayeisubiri na Makete baridi haisubiri mtu. Mwezi wa sita ukiingia iwe kwenye basi. Kukwama kwenye mkono wa pili ni ugonjwa wa wafumaji wote. Mkono wa kwanza una hamu, wa pili ni kurudia yale yale. Safari ijayo anzisha mikono yote miwili kwenye sindano moja, kila mmoja na bunda lake la uzi, uwe unafuma mstari wa huu na mstari wa huu. Inaisha pamoja, na urefu unakuwa sawa bila kupima. Kwa huu uliobaki, kabla hujaanza hesabu mistari ya mkono uliokwisha uiandike kwenye karatasi. Miaka miwili imepita, mkono wako umebadilika, hutavuta uzi kwa nguvu ile ile. Fuma kipande kidogo ukilinganishe kwanza, na kikitoka kipana kuliko cha zamani shuka sindano kwa nusu milimita.

Blanketi lifumue. Usilionee huruma, mtoto amelikimbia na hasira hana. Uzi ukifumuliwa unatoka umejikunjakunja. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usijivuruge, uloweke, uutundike kivulini. Ukikauka utakuwa umenyooka vya kutosha kufumwa tena. Na nikueleze kwa nini nadhani lilikushinda: blanketi zima mapajani, Dar, mwezi wa pili, nani ataliweza? Ukitaka blanketi tena fuma vipande vya sentimita 15 kwa 15. Vikifika 48, sita kwa nane, ukiviunganisha una blanketi la sentimita 90 kwa 120. Kipande kimoja kinaingia kwenye pochi na kinafumika hata kwenye daladala, ukiwa umekaa lakini, na kwa kroshia, maana sindano mbili ndefu kwenye gari la Tabata utamtoboa mtu.

Uzi wenyewe pia unachangia. Nyingi ya nyuzi za rangi rangi tunazonunua kwa bei nafuu ni akriliki, ambayo asili yake ni plastiki. Kwa Makete ni sawa. Kwa Dar saa nane mchana inanata kwenye vidole vyenye jasho na mtoto akivaa anatoka vipele. Na pasi ya moto usiiguse nayo, inalegea na hairudi tena. Kwa vitu vya kukaa hapa tafuta pamba. Ni ghali kidogo na haivutiki, hivyo mikono inachoka mapema, lakini inafulika na inapumua.

Jahazi liwe la Jumamosi mchana, dirishani, baada ya kunawa mikono na kabla ya kupaka mafuta. Tunapaka mafuta halafu tunashangaa tanga jeupe limekuwa la kahawia. Uzi wa kudarizi una nyuzi sita ndani yake. Kwa hicho kitambaa namba 14 unatumia mbili, uzichomoe moja moja ndipo uziunganishe, zitalala vizuri kuliko ukizivuta pamoja. Kata urefu usiozidi sentimita 45, mrefu zaidi unasuguana na kupata manyoya. Mguu wa juu wa kila msalaba ulale upande mmoja, picha nzima. Ukikuta umechanganya, kwenye bahari acha, mawimbi yatakusitiri. Kwenye tanga fumua. Sindano za kudarizi zipanguse na tone la mafuta ya cherehani kabla ya kuziweka, kisha uzifute kabisa kabla ya kuzitumia, kwa sababu hewa yetu ya chumvi inazitia kutu na kutu kwenye kitambaa cheupe haitoki kirahisi. Na usihifadhi kazi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa wakati wa masika. Foronya kuukuu ya pamba inatosha.

Sketi ya kitenge sina mengi. Kama ulikifua kitambaa kabla ya kukata, piga bandi, ile mishono mirefu ya muda, ujipime, ushone Jumamosi moja iishe. Kama hukukifua, loweka vipande leo, vianike kivulini, vipigwe pasi, halafu pima tena kabla hujagusa cherehani, maana vingine vinasinyaa. Rangi nayo ijaribu kwa kusugua kitambaa cheupe chenye maji. Watu wanaamini chumvi na siki zinafunga rangi. Sijaona zikizuia nyekundu iliyoamua kutoka. Fua peke yake mpaka maji yawe meupe.

Jioni za kawaida, macho yamechoka na umeme haueleweki, ndizo za kufuma kwa sindano mbili mistari ya moja kwa moja. Mkono ulioanza utotoni unafuma gizani. Bunda liweke ndani ya bakuli zito sakafuni, feni isilipeleke uvunguni mwa kochi. Na siku ambayo hujisikii kushika chochote, usishike. Hakuna anayekudai isipokuwa wifi, naye tumeshampangia.

Binti yako akikaa karibu mpe sindano butu na kipande cha kitambaa cha matundu, atie herufi ya jina lake. Usimwambie atauza. Akija kupenda kushona mpaka akataka iwe kazi yake, vyuo vya ufundi vya VETA vina kozi za ushonaji na ataziona mwenyewe wakati ukifika.

Kuhusu ganzi ya vidole uliyoigusia kwa kupita, mimi sitaipita. Kila nusu saa weka kazi chini, nyoosha viganja, zungusha vifundo vya mikono, simama. Usikaze uzi kidoleni mpaka uache alama. Kama ganzi inakuamsha usiku, au kidole gumba na viwili vinavyofuata vinapoteza nguvu ya kushika kikombe, nenda kituo cha afya ueleze na kazi unayofanya, ya kompyuta ofisini na ya sindano nyumbani. Kwa sasa, mpaka vidole vitulie, fanya ile ya kroshia kidogo kidogo tu, na wifi mpigie kabla ya Ijumaa.

Shangazi